Mkono Juu ya Swichi Kubwa

Asitoboe kwanza, Mama, mwambie fundi asitoboe kwanza, tuongee, anasema mwanawe, na Mama anamsikia vizuri sana ila hageuzi shingo, mkono wake wa kulia uko juu ya swichi kubwa na swichi imeshushwa, nyumba nzima haina umeme, friji limenyamaza, feni ya sebuleni imesimama, redio ya jikoni imekatika katikati ya tangazo, na huko chumbani fundi ameuliza mara moja tu, Mama, nitoboe au nisitoboe, kisha akatulia na drili yake ya betri, ncha imeshagusa alama ya penseli ukutani, ni mwanamke wa maneno machache yule, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Fundi Kimya, hatauliza mara ya pili, atasimama hivyo hivyo mpaka mwenye nyumba aseme, na mwenye nyumba ni nani, hapo sasa ndipo penye kazi... maana huyu kijana, kijana gani, mtu wa miaka thelathini na tisa mwenye watoto watatu na kitambi kinachoanza kujitangaza, ameingia bila hodi, tai shingoni, simu mkononi, amekuja mbio kutoka kazini kwa sababu mtu fulani mwenye mdomo mwepesi amempigia kumwambia mama yako ameita fundi anabomoa nyumba. Anabomoa. Tundu moja la kupitisha waya mnene kama kidole gumba, kutoka boksi la swichi hapa kwenye korido, kupitia chumba cha kulala, kutokea nje kwenye kibanda cha gari, ili chaja itundikwe ukutani na gari lichajiwe kama magari ya watu wanaojiheshimu, ndiyo nyumba imebomolewa hiyo.

Na mtazame aliposimama, kwenye kigae cha nne, hasogei hata nusu unyayo, huko ofisini kwake watu arobaini wananyoosha migongo akipita lakini hapa ameganda kwenye kigae cha nne kama alivyokuwa na miaka sita, kwa sababu sheria ya nyumba hii ni ya marehemu baba yake, na sheria inasema mtu akishika swichi kubwa asisogelewe, vigae vinne, asisemeshwe maneno ya kumtoa akili, asitumwe, asiitwe kula, maana upande wa pili kuna mtu kashika waya na roho yake iko kwenye mkono wa huyu aliyesimama... miaka thelathini na miwili Mama alisimama hapa, Mzee akiwa darini, Mzee akiwa jikoni kifua wazi na bisibisi mdomoni, Mzee aliyetia umeme nusu ya nyumba za mji huu na kwake mwenyewe taa ya choo ikakaa miezi minane haiwaki, na kila baada ya dakika chache sauti yake inatoka huko, upo, na yeye anajibu, nipo, upo, nipo, na watoto wakajua mama akiwa pale hana masikio ya mtu mwingine, hata mtoto akijikwaa akaumia alilia huko huko aliko mpaka akamaliza. Kwa hiyo leo aliposikia lango linafunguliwa na viatu vya mwanawe vinapiga sakafu, alichofanya ni kuikaza swichi zaidi, na ndani yake kitu kikacheka, njoo basi, njoo unitoe.

Sikatai gari, Mama, hakuna aliyekataa gari, anasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza wateja, na huo ni uongo wa adabu, walilikataa gari wiki sita nzima, walilikataa kwa simu, wakalikataa kwa kikao, wakamleta na Baba Mdogo aje alikatae kwa niaba ya ukoo, Baba Mdogo ambaye hajawahi kubadilisha hata balbu, akakaa kwenye kochi na kikombe cha chai akasema magari ya umeme hulipuka mvua ikinyesha, kasikia wapi, kwa mtu, mtu gani, mtu anayejua, na hivi sasa yuko ndani ya ile simu mkononi mwa mwanawe, sauti imefunguliwa, inakwaruza kwenye korido, ameshatoboa, mwulize ameshatoboa, na mwanawe anaibana simu tumboni kumnyamazisha mjomba wa watu, aah, si mjomba, baba mdogo, hata yeye Mama wakati mwingine anachanganya, mtu mwenye amri nyingi hivyo unashindwa kumweka kundi gani. Kiunoni mwa Mama mna maumivu yanayoanza polepole, ya kusimama, nusu saa sasa, miguu inamwambia una miaka sitini na mmoja, anaijibu miguu kwamba anajua, mtulie.

Chumba chako kiko tayari, anasema mwanawe, tumepaka rangi, kile cha nyuma, kina dirisha kubwa, watoto wanakuuliza kila siku, Bibi anakuja lini, na hapo Mama moyo unamlegea kidogo, wajukuu wale, yule wa mwisho anayelala huku amemshika sikio, lakini anaujua mpango huo, anaujua tangu ulipokuwa mbegu, dada wa kazi wa kwa mwanawe aliondoka mwezi wa tatu na hajapatikana mwingine na ghafla watu wote wakagundua kwamba Mama ni mpweke, ghafla ikawa hatari yeye kulala peke yake kwenye nyumba aliyolala miaka yote, miaka mitatu ya ujane hakuna aliyeiona hatari hiyo, hatari imekuja na kuondoka kwa dada wa kazi... halafu gari, hilo gari lake dogo la rangi ya majani makavu, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake bila kumwuliza mtu, gari hilo nalo lilishapangiwa kazi, litapeleka watoto shule, mkwe wake atakuwa analiendesha, kwa sababu Mama macho yake, Mama umri wake, Mama barabara za siku hizi. Tena, anasema mwanawe, na sauti inashuka, tena Jumamosi kuna mtu anakuja kuiangalia nyumba, ni mtu mstaarabu, hana watoto, atakuwa mpangaji mzuri, akikuta ukuta umetobolewa kwenye chumba cha Baba itakuwaje.

Mpangaji. Neno limeteremka laini kabisa, limepita katikati ya maneno mengine kama mgeni anayejua njia, na Mama analisikia leo kwa mara ya kwanza, mpangaji, Jumamosi, leo Jumatano, kwa hiyo kuna mtu huko nje ambaye tayari anajua nyumba hii itakuwa wazi, ameshapima kwa macho kochi lake litakaa wapi, na yeye anayekaa ndani hakujua, alikuwa anapika maharage hakujua... vidole vinakaza swichi mpaka kucha zinapauka. Na hiki chumba cha Baba, hilo nalo, miaka mitatu tangu wamzike bado wanakiita chumba cha Baba, hiki kiweke chumba cha Baba, kile kiti kirudishe chumba cha Baba, na mtu anayelala humo ni yeye, anayetandika ni yeye, aliyemuuguza mgonjwa humo miezi kumi na moja ni yeye, Baba hana hata soksi moja iliyobaki humo, alizigawa mwenyewe kwa mikono yake, lakini chumba bado ni cha Baba, na ukuta anaotaka kuutoboa ni ule wa upande wa kitanda aliokuwa akilala Baba, fundi alisema kuna njia mbili, kuzunguka na waya chini ya paa nyumba nzima au kunyooka hapa, na Mama akasema nyooka. Hakufikiria mara mbili. Alisema nyooka kama anayeagiza chumvi.

Mama unanisikia, anasema mwanawe, anamsikia, anasema kwani ekstensheni ina ubaya gani, si umekuwa ukichaji kwa ekstensheni siku zote, na Mama anataka kucheka, ekstensheni, ule waya wa kijani unaotoka soketi ya jikoni, unapita dirishani, unavuka ua, miezi miwili dirisha halifungiki, paka wa jirani anaingia anapotaka, usiku kucha gari linakunywa umeme tone kwa tone na asubuhi halijajaa hata nusu, akipiga pasi lazima achomoe gari, akichaji gari lazima avae nguo yenye mikunjo, na wiki iliyopita alfajiri alisikia harufu, akaijua harufu hiyo kabla hajafungua macho, huwezi kuolewa na fundi umeme ukasahau harufu ya plastiki inayoungua, akaenda pekupeku akakuta soketi imegeuka rangi kama mkate uliosahauliwa, plagi imelainika, akaichomoa kwa kanga, akasimama jikoni gizani anajiambia nyumba hii haitaungua mikononi mwangu, na siku ile ile akaenda kumtafuta fundi. Chaja yenye waya wake, breka yake yenyewe ya kukata umeme, ethi yake yenyewe iliyochimbiwa chini kupeleka shoti ardhini, fundi amegongelea nondo yake ya shaba tangu saa mbili asubuhi, jasho linamtoka hasemi kitu. Kwa hiyo huo ndio ubaya wa ekstensheni. Lakini hamwambii mwanawe habari ya soketi, kwa sababu anajua mwanawe ataisikia vipi, ataisikia unaona sasa, gari litakuua.

Anachomwambia ni kile alichokiandaa, alikiandaa tangu juzi akiosha vyombo, akakirudia akitandika kitanda, akakipenda kwa sababu hakina pa kushikwa, anasema bila kugeuka, mwanangu, gari hili ni kwa ajili ya mama yako mkubwa, unajua Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali kusafishwa damu, akikosa siku moja tu anavimba miguu, teksi zinamwacha njiani, nani atampeleka, wewe, na anasikia jinsi sentensi inavyokaa hewani, nzito, ya haki, dada yake mgonjwa, figo zilizokufa, nani atasimama mbele ya figo za mtu... Mama anajua amemfunga mdomo, amemweka pale anapotaka. Halafu mwanawe anasema, kwa upole, kwa upole mbaya kabisa, hilo nimelifikiria Mama, nimeongea na dereva wa ofisini, kila Jumanne na kila Ijumaa atamchukua Mama Mkubwa mlangoni na kumrudisha mlangoni, nimeshapanga, kuanzia wiki ijayo, kwa hiyo usijali tena.

Usijali tena. Kumbe mtu anaweza kukunyang'anya fimbo huku anakupa pole. Mama anatazama boksi la swichi, mwandiko wa Mzee kwenye vipande vya plasta, herufi kubwa zilizolala upande, JIKONI, SEBULE, WATOTO, anatazama kana kwamba sababu nyingine itakuwa imeandikwa humo, kwa sababu amebaki mtupu, dada ana dereva, dada atafurahi, dereva kijana mwenye gari lenye kiyoyozi, dada atasema mwanao ana moyo, na ni kweli ana moyo, hilo ndilo linalomuuma, angekuwa mtoto mbaya ingekuwa kazi rahisi... sababu nyingine, haraka, soko, msibani, kanisani, wajukuu, ndiyo, wajukuu, gari ni la kuwaona wajukuu, lakini hapo si ndipo wanapompeleka kabisa, akawaone mpaka awachoke, basi mifupa, daktari alisema asitembee sana, uongo, daktari alisema atembee, akajaribu hii akajaribu ile kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ya nguo iliyotundikwa, na kila mfuko aliotia mkono alikuta humo mtu mwingine, mtoto, mgonjwa, marehemu, hakuna hata mfuko mmoja uliokuwa na yeye.

Isipokuwa Alhamisi iliyopita. Alhamisi haikuwa ya dada. Hilo hakuna anayelijua, aliaga kwa jirani kwamba anampeleka dada hospitali na jirani hajui siku za figo, akatoka saa tatu, peke yake, gari halitoi mlio, hilo ndilo lililomshtua tangu siku ya kwanza, unakanyaga na dunia inaanza kusogea kimya kimya kama mtu anayetoka chumbani asiamshe mtoto, akapita hospitali, akaliona geti lile aliloingia kwa mguu miaka thelathini na minne, huko ndani kwenye chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji alikokuwa mkuu wake, daktari bingwa amevaa glavu, mgonjwa amelazwa, wote wanamsubiri yeye aseme vimeiva, na akisema bado ni bado, hakuna aliyewahi kumwambia tuongee kwanza... akaipita, hakusimama, akapita viwanda, akapita nyumba za mwisho, akaendelea mpaka lami ikaisha, akaegesha chini ya nguzo ya umeme, akala machungwa mawili. Basi. Machungwa mawili, maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko, mbegu akazitema dirishani mbali kadiri ya uwezo wake, akahesabu ya tatu ndiyo iliyofika mbali zaidi, hakumpigia mtu simu, hakuna aliyekuwa anamsubiri arudi na kitu, na akiwa pale akasikia kitu cha ajabu kifuani, akadhani ni presha, akajishika mkono akapima mapigo, kumbe ni furaha tu, alikuwa hajaionja ikiwa peke yake, siku zote ilikuja imembeba mtu. Akarudi betri ikiwa na asilimia kumi na moja, feni amezima kubana umeme, madirisha wazi, anaomba Mungu kwenye kila kilima, na alipofika getini kwake zilikuwa zimebaki asilimia nne, akalia na kucheka kwenye usukani, kisha akafuta uso akaingia ndani akajibu simu ya dada, ndiyo, nilikuwa sokoni. Alidanganya kama mwizi, mtu mzima, kwa machungwa mawili.

Mama, mkono hauumi, anauliza mwanawe kutoka kigae cha nne, nikushikie, na mkono kweli unauma, umekufa ganzi mpaka kiwiko, na hapo linakuja lile jambo la asubuhi ambalo amelisukuma kutwa nzima lisimfikie, sasa limefika. Kabla ya kuanza, fundi aliuliza kama Mzee aliacha mchoro wa nyaya, Mama akamtolea sanduku la vifaa, halijafunguliwa miaka mitatu, na chini ya koleo na testa na tepu nyeusi kulikuwa na kufuli dogo jekundu, bado limo ndani ya nailoni yake, funguo mbili zinaning'inia, na fundi akalitazama, akatoa la kwake mfukoni, yamefanana kama pacha, akasema, kumbe Mzee naye alikuwa nalo, hili ukilifunga kwenye swichi hakuna wa kuiwasha, mtu hahitaji kusimama, akalifunga lake, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akaenda zake chumbani. Na kwenye nailoni ile kulikuwa na muhuri wa duka, duka ambalo lilifungwa mwanawe huyu akiwa darasa la tano... kwa hiyo Mzee alikuwa nalo. Miaka ishirini na kitu alikuwa nalo, hakuwahi kulitoa kwenye nailoni, akamsimamisha yeye.

Zile Jumamosi. Hospitali ililipia wafanyakazi sita wajifunze udereva, jina lake lilikuwa la tatu kwenye karatasi, mwalimu atapita na gari kuwachukua saa mbili asubuhi, na Jumamosi ya kwanza Mzee akasema nishikie kidogo hapa, nusu saa tu, nahamisha waya wa jikoni, akashika, honi ikalia nje mara moja, mara ya pili, upo, nipo, honi ikaondoka, Jumamosi ya pili ikawa darini, Jumamosi ya tatu mwalimu hakupiga hata honi. Mzee hakumkataza, hapana, asimsingizie mtu aliyelala kaburini, hakuwahi kutamka neno usiende, aliuliza tu, unataka udereva wa nini, na yeye akajibu, ingefaa kwa ajili ya watoto, wakiugua usiku, na Mzee akasema watoto wakiugua mimi si nipo, na hoja ikaishia hapo, kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa ya watoto na watoto wamepata jibu... akajifunza akiwa na miaka hamsini na tisa, mwaka mmoja baada ya kuondoa tanga, kati ya vijana wa kumi na nane waliokuwa wakimwita Bibi Breki. Je, Mzee alitaka kumfunga, au alipenda tu kumjua yuko pale, sauti yake iko pale, upo, nipo, labda hakuamini chuma, aliamini mkono wa mkewe, na hilo nalo ni pendo, alimpenda, hakuna atakayemwambia hakupendwa, alipokuwa anakufa ni mkono huu aliokuwa akiutafuta juu ya shuka... alimpenda na alimkalisha, yote mawili, kwa mkono mmoja, na katika yote mawili hakuna siku aliyomwuliza. Na yeye hakuna siku aliyosema. Mzee wangu, nina hasira na wewe, anamwambia moyoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu afe, na korido haimezwi na ardhi, hakuna kinachoanguka, ana hasira na amemkumbuka na leo atamtobolea ukuta wa upande wake wa kitanda.

Chumbani fundi anakohoa, anahamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, buti zinalia sakafuni, simu tumboni mwa mwanawe inasema, halo, halo, mbona kimya, wanapatana au, na Mama anautazama mkono wake. Anautazama kama wa mtu mwingine. Chini ya vidole kufuli jekundu limekaa limefunga, ufunguo uko kwa fundi, swichi haiwezi kupanda hata Baba Mdogo aje na ukoo mzima waipandishe, kwa hiyo nusu saa nzima amesimama hapa anashikilia kitu ambacho hakishikiliki, hakuna mtu ambaye roho yake iko mkononi mwake, miguu inavimba bure, na kigae cha nne hakimlindi yeyote ila yeye, amejificha, ndivyo, amejificha nyuma ya swichi kama alivyojificha nyuma ya figo za dada yake na homa za watoto, mwanawe akimsogelea atalazimika kumtazama usoni, na akimtazama usoni atamwuliza, Mama, wewe unataka nini hasa... naye ana jibu, tangu Alhamisi analo, ila ni fupi mno, aibu yake ndiyo hiyo, halina mgonjwa ndani yake.

Anashusha mkono. Damu inarudi kwenye vidole inachomachoma, swichi imebaki chini kama ilivyokuwa, na yeye anageuka, anamwona mwanawe vizuri kwa mara ya kwanza leo, jasho juu ya mdomo, tai imepinda, macho ya baba yake, anampenda huyu mtoto mpaka inakera, na anaona jinsi anavyoshtuka, jinsi anavyoitazama swichi kisha mkono uliolegea kisha mlango wa chumbani aliko fundi, Mama, swichi, anasema, umeiachia swichi, na Mama anavuka kigae cha kwanza, cha pili, cha tatu, anamnyoosha tai, anaichukua simu iliyobanwa tumboni na kuikata, Baba Mdogo anaishia kwenye nusu ya neno, anasema, Jumamosi huyo mpangaji asije, nitakuwa sipo na wewe huna ufunguo, na wajukuu wangu waje Jumapili, nitawafuata mwenyewe na gari langu. Mwanawe anasema, lakini Mama Mkubwa ana dereva sasa, na Mama anasema, afadhali, dereva yule anaendesha vizuri. Basi gari la nini, anauliza mwanawe, chaja ya nini, nielewe tu Mama, niambie sababu, na sababu zote zinamjia mbio, zimejipanga foleni kwenye ulimi kama watoto wanaojua watachaguliwa, kwa ajili ya, kwa sababu ya, kwa kuwa, anazimeza moja moja, zinashuka kwa tabu, ya mwisho inakwama kidogo karibu na koo.

Nataka, anasema.

Mwanawe anasubiri. Amezoea sentensi za mama yake, anajua huwa zina mkia, kwa hiyo anasubiri mkia, kichwa amekiinamisha kidogo kusikia vizuri, sekunde moja, tatu, friji bado limenyamaza, korido bado ina giza, umeme haujarudi na hautarudi mpaka saa kumi, hakuna kilichobadilika ndani ya nyumba hii isipokuwa neno moja limesimama peke yake na halijaanguka. Toboa, Mama anasema kwa sauti kuelekea chumbani, sauti ile ya chumba cha vyombo, iliyokuwa ikisikika mpaka meza ya upasuaji, na mwanawe anafungua mdomo kusema kitu, mdomo unaendelea kwenda, lakini drili imeanza.